Mwalimu Wetu wa Mwamgongo

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa anachemsha mawese nyuma ya nyumba yetu Ujiji, na mimi nilikuwa nafukuzwa na jogoo wa jirani. Jogoo yule hakumfukuza mtu mwingine yeyote mtaani, ila mimi. Siku hiyo alinikimbiza kutoka barazani mpaka jikoni kwa bibi, nikaona majivu meupe yamelala kama unga, yamepoa, nikayarukia. Majivu ya mawese ni mnafiki. Juu yanapoa, chini yanakaa na moto wao kutwa nzima na hayamwambii mtu. Mguu wa kulia ukazama mpaka kwenye kifundo.

Bibi akanipaka asali. Jirani akasema asali haifai, paka ute wa yai, akapaka ute wa yai. Shangazi akaja na majani anayoyajua yeye. Ndani ya matibabu yote hayo vidole vyangu vikaungana viwili viwili kama ndizi pacha. Masika yote nilikaa ndani. Nilikuwa darasa la pili, na nilipopona wenzangu walikuwa wamekwenda mbali, nikaona haya kukaa na wadogo, shule ikaishia hapo. Kusoma nasoma, lakini ni kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: nakanyaga moja, napumzika, natafuta jingine. Jogoo tulimla Idi. Alikuwa mgumu.

Habari ya mguu nimeileta kwa sababu ya mpira. Vidole vile havikukubali kukimbia, na Ujiji mwanamume asiyecheza mpira ana kazi mbili tu, kuwa shabiki au kuwa mwongo. Mimi nilikuwa vyote viwili. Halafu nikapewa kazi ya tatu, kuchora mistari ya uwanja. Chokaa haikuwepo, ikiwepo ilikuwa ya kupaka misikiti na makaburi, kwa hiyo mistari tulichora kwa majivu. Nilikwenda kwa wakaushaji samaki na kwa kina mama wa mawese, nikajaza debe lenye matundu chini, nikatembea nalo nikilitikisa taratibu, na nyuma yangu uwanja ukawa uwanja. Watu walinicheka kwamba majivu yaliyonichoma sasa yananilisha. Mimi sikuwa na kinyongo nayo.

Sasa kwenye majivu hayo kulikuwa na siri, na kwa kuwa wahusika wengi wametangulia mbele ya haki, nitasema. Timu yetu ya mtaa ilikuwa na kamati ya ufundi. Kila anayejua mpira wa kwetu anajua kamati hiyo haishughulikii ufundi. Walikuwa wazee watatu, na kabla ya kila mechi waliniletea kifurushi cha unga mweusi nichanganye na majivu, nichore nao mstari wa goli letu na boksi lote. Nilichanganya. Tulifungwa na timu ya Kibirizi miaka minne mfululizo na mstari wenye dawa, lakini wazee walisema bila dawa tungefungwa zaidi. Utabisha nini hapo?

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, na maboti yalikuja yamejaa watu, magodoro, mbuzi, cherehani, nimewahi kuona hata mlango, mtu amevuka ziwa na mlango wake. Sisi wa Ujiji hatukushangaa sana kwa sababu nusu yetu tuna shemeji ng'ambo. Serikali iliwapeleka kambini, juu huko upande wa Kasulu, na amri ilikuwa moja: mkimbizi asitoke kambini bila kibali. Lakini mtu haishi kwa kupangiwa unga na maharage tu. Wengi walishuka kimyakimya wakabeba mizigo Kibirizi, kwenye soko la dagaa. Mara mojamoja gari lilipita likawazoa, wengine wakarudishwa kambini, wengine tukasikia wamepandishwa boti kurudishwa walikotoka. Hatukuuliza zaidi. Ukiuliza sana unaambiwa na wewe toa kitambulisho, na mimi sikuwa nacho.

Huko Kibirizi ndiko mwenyekiti wa timu yetu alikompata mwalimu. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mtu mnene, mwenye huruma na sauti kubwa. Alikuwa anapakia magunia wakati vijana wa soko wanapiga danadana pembeni, akamsikia mchukuzi mmoja, gunia liko mabegani, anafoka kwa lafudhi ya ng'ambo, "We wa kushoto, sha! Mpira unaukimbilia wa nini? Simama mahali pako, utakuja wenyewe!" Akasimama na gunia lile akielekeza mpaka jasho likamwingia machoni. Mwenyekiti akamuuliza, "Umejifunza wapi mambo hayo?" Yule akatua gunia, akasema kwao Bujumbura alikuwa anafundisha timu kabla ya vita. Jioni hiyohiyo akaja Ujiji kwenye gari la dagaa.

Tukakubaliana mtaa mzima kwamba ni mtu wa Mwamgongo. Mwamgongo iko kaskazini, watu hawafiki ila kwa boti, na lugha yao na ya ng'ambo zinasikilizana kama ndugu wawili. Mtu akiuliza, mbona huyu mwalimu wenu anavuta maneno hivi, tunajibu, "Wa Mwamgongo huyo, wote ndivyo wanavyosema." Hata mtu wa Mwamgongo mwenyewe alipita siku moja akamsikiliza, akatutazama, akasema, "Ndiyo, wa kwetu." Mungu amrehemu.

Wiki ya kwanza aliwafundisha vijana bila mpira. Bila mpira kabisa! Walitembea uwanjani kama watu waliopoteza funguo, yeye anawaambia wewe hapa, wewe pale, sogea hatua tatu, rudi mbili. Tuliokuwa tunatazama tulikufa kwa kicheko. Kijiwe chetu kilikuwa kwa muuza kahawa, aliyepika kahawa ya Kalinzi nyeusi kama dhambi na kuuza kashata zinazovunja meno. Huyo ndiye aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote.

"Mwenyekiti katuletea mwalimu wa gwaride," alisema. "Ijumaa tutapiga saluti, Kibirizi watapiga magoli."

"Subiri uone," mwenyekiti akasema.

"Nimesubiri miaka minne, bwana! Mke wangu nilimsubiri miwili tu."

Asubuhi ya mechi nilikuwa nachora mistari, mwalimu akaja kuchungulia debe langu. Akachota kidogo akanusa. "Mzee, humu mna kitu gani?"

"Majivu."

"Na nini?"

Nikainamia mstari wangu. Akacheka, hakunigombeza. Akasema, "Weka majivu matupu, mzee wangu. Vijana wakiona ile nyeusi wanafikiri mstari utawachezea." Nikasema sawa. Alipoondoka nikachanganya kifurushi chote. Niliogopa. Tukija kufungwa tena, lawama nitabeba mimi na mguu wangu.

Tukashinda mbili bila.

Sijui nikueleze vipi siku ile. Kibirizi walikuja na ngoma na migebuka miwili mikubwa, samaki wa ziwani, ya kutupungia usoni, kwamba nyie chakula chetu. Kipindi cha kwanza kizima vijana wetu walisimama mahali pao na mpira ukawa unawajia kweli, kama kuku anayejua saa ya kulishwa. Winga wetu, ambaye miaka yote alikuwa akikimbia huku anatazama chini kama anatafuta shilingi, aliinua kichwa, akapiga krosi, na mwenzake tayari yuko pale. Kina mama wa mawese waliingia uwanjani na khanga zao, refa akawaomba watoke, wakamzunguka wakamwimbia. Muuza kahawa alilia. Akamwaga birika lote kwa watu bure, akasema, "Kunyweni, kunyweni, leo sina biashara!"

Mwalimu hakuruka. Alisimama pembeni mikono nyuma, akatikisa kichwa mara moja, akaenda kukaa nyuma ya goli ambako watu ni wachache.

Mechi ya pili, roho ikanisuta, nikaweka majivu matupu. Tukashinda. Ya tatu matupu, tukashinda. Kila Ijumaa tulitembea kwenda uwanjani tukiwa wengi kuliko Ijumaa iliyopita, matarumbeta mbele, wauza miwa nyuma, hata watu ambao hawakujua mpira una pande ngapi walikuja kwa sababu nyumbani hakukubaki mtu wa kuzungumza naye. Mimi nilitembea na debe langu kama waziri.

Kosa langu ndilo hili. Siku moja kijiweni, nimekunywa vikombe vitatu, nikamwambia muuza kahawa kwamba mechi ya kwanza niliweka dawa na nyingine sikuweka. Nilimwambia sikioni. Kumwambia mtu yule sikioni ni sawa na kupanda juu ya bati na kutangaza. Kabla ya alasiri kamati ya ufundi wamesikia, nao wakaja wamefurahi, si wamekasirika.

"Mmeona?" mkubwa wao akasema. "Dawa ya mechi ya kwanza ndiyo inayoendelea. Ile haina haja ya kurudiwa. Imekamata."

"Imekamata nini?" muuza kahawa akaruka. "Miaka minne ilikuwa wapi? Ilikuwa safarini?"

"Ilikuwa inajikusanya."

"Jamani! Mtu kaja na akili yake kichwani, nyie sifa mnaupa mzizi?"

"Huyo mwalimu wako ni mtu wa kupita. Mzizi ni wa hapa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma muuza kahawa. Mtaa ukagawanyika, wa mwalimu upande huu, wa dawa upande ule, ndugu hawapeani chumvi. Walibishana msikitini baada ya swala, walibishana kwenye foleni ya bomba. Na kadiri tulivyoshinda, ndivyo walivyobishana, mpaka tukafika fainali.

Fainali ilikuwa uwanja mkubwa mjini Kigoma, na mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja wa serikali. Mgeni rasmi lazima asomewe risala, hiyo ni desturi, na risala lazima iwe na shukrani mwanzoni na ombi mwishoni. Muuza kahawa akasimama kijiweni akasema, "Basi kwenye risala tumtaje mwalimu. Tuseme mbele ya watu wote nani katufikisha hapa, ametoka wapi, na tumwombee kibali akae na sisi kihalali. Mkubwa akimpa mkono hadharani, nani atasema tena habari ya mizizi?"

Mwenyekiti akafikiri, uso ukang'aa. Alimpenda sana mwalimu, hilo nitamtolea ushahidi. "Ni kweli," akasema. "Mpaka lini tutamficha kama bidhaa ya magendo? Mtu wa heshima anaombewa kwa heshima."

Mimi niliacha kahawa yangu. Nikaenda kumtafuta mwalimu, nikamkuta pwani anafua jezi za timu, maana alifua mwenyewe, hakutaka mtu azisugue vibaya. Nikamweleza. Akaacha kufua.

"Oya, mzee. Oya, hapana. Waambie wasinitaje."

"Wanataka kukuombea kibali."

"Atakayeandika kibali ndiye atakayeandika jina. Wakinirudisha kambini nitapona. Lakini wakinipandisha boti, kule hakuna aliyebaki wa kunipokea, na waliopo wananijua." Akaniangalia. "Wewe ni mtu mzima, watakusikiliza. Usiache nitajwe."

Nikasema, Inshallah. Ndivyo nilivyosema, na nilikwenda kweli. Niliwakuta wote kijiweni, mwenyekiti, muuza kahawa, mpaka wale wa kamati. Nikasema, "Mwalimu amekataa. Anasema msimtaje."

Muuza kahawa akacheka kwa upole. "Si lazima akatae? Ulitaka aseme nitajeni, nitajeni? Mtu mwenye adabu!"

"Ana hofu ya boti."

"Ndiyo maana tunamwombea, ili boti limwepuke."

Hapo ndipo naomba mtu asiye wa kwetu atuelewe. Ujiji mgeni akikaribishwa chakula anasema nimeshiba. Akikaribishwa tena anasema ahsante, nimeshiba kweli. Mara ya tatu ananawa mikono. Anayenawa mara ya kwanza tunamshangaa amelelewa wapi. Basi kukataa kwa mwalimu wakakuhesabu kuwa ni kukataa kwa kwanza. Nilirudi tena kesho yake nikawaambia amekataa, wakasema umeona, mtu wa maana huyo. Mara ya tatu nilipofungua mdomo, mwenyekiti alinishika bega, akasema, "Mzee, risala imekwishaandikwa. Ina mwandiko mzuri."

Na nani akapewa kuitunza isilowe, maana kulikuwa na manyunyu? Mimi. Nilikuwa na koti. Kipindi cha kwanza kizima risala ilikuwa kifuani kwangu. Nilitoka pembeni nikaifungua nikavuka mawe yangu, "Mheshimiwa mgeni rasmi," nikapumzika, nikaenda mbele, nikakuta "mkimbizi". Neno lile sikuhitaji kulitafutia jiwe. Ningeweza kuichana. Watu wengi wameniuliza na mimi nimejiuliza. Vipande vingeliwa na mbuzi na mambo yangeisha. Lakini nilifikiri, nikiichana nitamwambia nini mwenyekiti, nikafikiri labda wao wanajua zaidi, wamesoma, nikafikiri labda mkubwa atakuwa mtu mwema. Nikaikunja vizuri, nikairudisha ndani.

Mapumziko tulikuwa bao moja kwa moja. Nikamfuata mwalimu kule walikokaa vijana wanafyonza machungwa. Nikamwambia, "Wataisoma mechi ikiisha. Nenda sasa hivi. Pita nyuma, kuna ukuta umebomoka."

Akatazama meza kuu, ile yenye kitambaa na maua ya plastiki. Akawatazama vijana. Beki wetu wa kushoto alikuwa ameumia goti, hakuna aliyejua nani ataziba pale.

"Bado dakika arobaini na tano," akasema.

"Mwalimu, nenda."

"Nikiondoka sasa wanafungwa, mzee. Nawajua." Akaniacha, akachuchumaa kati yao akaanza kuchora chini kwa kidole.

Kipindi cha pili sikukiona vizuri, na ni fainali pekee niliyowahi kufika. Nilikuwa nahesabu watu waliokaa meza kuu. Kulikuwa na mkubwa mwenyewe, na pembeni yake kijana wa suti ya kijivu mwenye daftari, ambaye hakutazama mpira, alitazama watu. Naomba mnisamehe kwa ninayosema: niliomba tufungwe. Mimi, shabiki wa miaka yote, nilisimama kati ya watu wa mtaa wangu na nikaomba tufungwe, maana timu iliyofungwa risala yake inasomwa harakaharaka hakuna anayesikiliza. Mungu hakunisikia. Dakika za mwisho kona ilipigwa, kipa wao akaitema, beki aliyeziba pale kushoto, yule aliyepangwa mapumziko, akaisukuma kwa goti.

Uwanja ukapasuka. Sikuwahi kuona watu wazima wakilia vile, wanakumbatia hata polisi. Wazee wa kamati ya ufundi, wale wale, ndio waliokuwa wa kwanza kumfikia mwalimu na kumbeba juujuu. Alikuwa anawaambia nishusheni, nishusheni, nao walifikiri anacheka. Wakampeleka mpaka mbele ya meza kuu wakamtua kama mzigo wa harusi. Mwenyekiti akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikatoa karatasi nikaiweka mkononi mwake.

Akaisoma kwa sauti yake kubwa, na kipaza sauti siku hiyo, kwa bahati yetu, kilifanya kazi. Shukrani. Ushindi. Halafu jina lake, la baba yake na la babu yake. Halafu kwamba huyu si mtu wa Mwamgongo kama wengi wanavyodhani, bali ni mkimbizi, alitoka kambini mwaka jana, na sisi watu wa Ujiji kwa unyenyekevu tunaomba apewe kibali. Muuza kahawa akapiga kelele, "Semeni sasa habari ya mizizi!" na watu wakashangilia.

Mkubwa alikuwa muungwana. Alisimama, akampa mwalimu mkono, akasema, "Ombi lenu nimelipokea, tutalifanyia kazi." Watu wakashangilia tena. Yule wa suti ya kijivu akainama kumuuliza mwenyekiti jina la katikati linaandikwaje, na mwenyekiti, kwa furaha, akamtajia herufi mojamoja.

Mwalimu alishika mkono wa mkubwa, akashukuru. Kisha akawapa mkono vijana wote, mmoja mmoja, hata wale wa akiba, akamwambia beki wa kushoto aliyeumia goti lake alikande na maji ya moto. Akafika kwangu. Akasema, "Nakwenda kunawa." Nikasema haya.

Bomba lilikuwa nyuma ya jukwaa. Nikamwona anapita kati ya wauza miwa, watu wanampiga mgongoni, yeye anaitikia kwa kichwa. Akafika kwenye bomba, hakusimama. Akapita pale ukuta ulipobomoka, akashika barabara, hatembei haraka wala hatembei polepole, ana shati lilelile na mikono mitupu. Mwenyekiti alikuwa ananiita nije kwenye picha, nikageuka kidogo, nilipotazama tena nikaona mgongo wake mbali kati ya watu wanaotoka uwanjani. Tulimwekea pilau sahani nzima, tukaifunika. Hakurudi, si siku hiyo wala siku nyingine.